Siku Nilikuta Matanga Yangu Mwenyewe

Mu kartie yetu, mutaa wetu hapa Kasongo, kuna watu wananiitaka Marehemu, na mimi naitika, juu nilijaribu kukasirika siku za kwanza nikaona njo inawapa hamu ya kuendelea. Haya yangu, ile aibu yote, niliimaliza siku ile, haikubakia hata kidogo ya kupokelea wageni. Basi acha niwaelezee mwenyewe mbele ya kusikia kwa Mama Feza, mujane jirani yangu, ambaye anaongezeaka uongo (na kweli peke yake inatosha, jamani).

Jina yangu ni Amisi, lakini mbele ya kuwa Marehemu nilikuwa Amisi Mikro, juu kazi yangu ni kusema. Arusi iko, njo mimi nashika mikro. Matanga imeisha, njo mimi nachekesha watu wasahau machozi. Masomo niliachia mu troisième, mwaka wa tatu wa sekondari, mimi na vitabu tuliachana bila ugomvi, kila mutu akaenda kwao, lakini mudomo Mungu alinipa mukubwa kama wa mutu wa diplome. Nachekesha watu mpaka wanashika tumbo, kisha wanabeba watoto wao na viti vyao wanarudia, na mimi nakunja waya za mikro, nafika kwangu, nakuta sufuria iko vile niliiachaka asubui. Kwangu niko peke yangu. Bibi yangu, ule muke nilioaka, alirudiaka kwao kule Wamaza zamani, alisema kukaa na mimi ni kama kukaa na redio, inasema tu, haisikilizi. (Hii nilishaisemaka kwa arusi moja, watu wakacheka sana. Mimi pia nilicheka.)

Sasa, juu ya kartie yetu, kwa mulima, kuna mashamba ya mihogo ambayo watu walitaka kugeuza parsele, viwanja vya kujenga nyumba mpya. Hakuna ubaya, ila mvua ikinyesha maji yote inateremukia kwetu chini, na korongo ilishakula jiko ya mutu moja na choo ya mwengine. Wakatutumia Madame Odette, ingenieri wa mipango, mwanamuke mupole lakini hachekake mbio (nilimujaribu na vicheko vyangu vya kwanza kwanza, akaniangalia tu kama mutu anangojea niseme neno la maana). Yeye alisema hivi, hakuna nyumba itajengwa kule juu mbele ya kujua maji itapita wapi na miti itapandwa wapi, na ile njia ya maji haitachorwa mu biro, kule ofisini, ni wenyeji wenyewe watakaa, watachora, watasikilizana. Muzuri. Mukutano wa kwanza kila mutu alikubali maji ipite, lakini kwa jirani. Mukutano wa pili vilevile. Tulikuwa kama watu wanabeba jeneza na kila mutu anataka upande wa miguu.

Madame akasema atakuja tena mara moja, tukishindwa, mupango utapelekwa kartie ingine na sisi tutabakia na korongo yetu. Shefu wa kartie akaniita, akanipa megafone, akanituma nizunguke nikisema: "Wenyeji, kesho kila mutu aweke alama kwa mipaka ya parsele yake, alama ya kuonekana kwa mbali. Parsele haina alama, itahesabiwa haina mwenyewe."

Nilizunguka siku nzima mpaka sauti ikawa kama ya chura. Nilikumbusha kila mutu, isipokuwa mutu moja, na ule mutu ni mimi.

Asubui nikatoka inje nikaona kwa majirani kote kunang'aa vijiti vya chokaa na vitambaa vyekundu, kwangu hakuna kitu. Ile parsele, musikie vizuri, njo kitu pekee mu dunia nilikipata bila kushika mikro. Udongo nilichimba na mikono hii, matofali nilipiga mimi, bati nililetaka moja moja juu ya kichwa. Nikaangalia huku na huku, chokaa sina, kitambaa sina, lakini nyuma ya nyumba kuna mungazi, ule muti wa mawese. Nikapanda, nikakata majani yake makubwa. Kwa pembe za nyuma nikayasimamisha vizuri. Kwa pembe za mbele, kando ya barabara, udongo ni mugumu kama mufupa, ikakataa kuingia, basi nikayalaza tu chini, jani juu ya jani, nikaweka mawe upepo usibebe. Nikarudi nyuma kidogo, nikatazama, nikajisifu.

Wenye munacheka tayari, najua. Hata mutoto wa kunyonya wa kwetu anajua, majani ya mungazi ikilazwa kando ya barabara mbele ya nyumba, mule mu nyumba kuna matanga. Wenye pikipiki, zile moto zetu, wanapunguza mwendo, wanaume wanavua kofia. Na mimi ni mutu wa matanga, nakula kwa ile kazi. Lakini ile asubui kichwa yangu yote ilikuwa kwa mipaka, na mu nyumba hamukuwa mutu wa kutoka kwa mulango na kuniuliza, "We, unafanya nini?" Mwenye kukaa na mutu hawezi kufanya kosa ile. Angesimamishwa kwa jani ya kwanza.

Nikiwa bado najisifu, shefu akanipigia simu. "Amisi, moto ya Madame imekufa mu matope, njia ya Kabambare. Enda umubebe, mbio." Nikawasha yangu, nikaenda, na simu ikazimika pale pale, juu usiku mzima sikukuwa na umeme wa kuichajia.

Ile njia munaijua. Nilianguka, nikasimama, nikaanguka tena, mara moto inanibeba, mara mimi naibeba. Nilipofika nikakuta moto ya Madame imelala peke yake mu dimbwi, na Madame mwenyewe alishaenda kujificha jua kwa kijiji cha mbele. Mpaka nimupate, mpaka tusukume moto yake tuiache mu kijiji, mpaka turudi, jua lilishapita katikati, na mimi nilikuwa matope kutoka nywele mpaka kidole cha muguu, macho tu njo yalibakia yangu.

Tunaingia kartie, Madame akanigusa mugongo. "Punguza, mbele kuna matanga."

Nikapunguza. Nikavua kofia. Nikawaza, maskini, nani tena, na mimi sikuleta mikro. Watu walijaa mpaka barabarani, akina mama wanalia, viti vya kanisa, sufuria kubwa juu ya mafiga. Njo nikainua macho nikaona bati, na zile bati ninazijua moja moja.

Nikazimisha moto mbali. Wazo la kwanza (na naapa ni kweli) lilikuwa: amekufa nani kwangu? Kisha nikakumbuka kwangu hakunaka mutu mwengine.

Kumbe ilikuwa hivi. Mama Feza alitoka kwake akaona majani, akajua ni shefu amelaza, akaanza kulia. Shefu akasikia kilio, akafika, akaona majani, akajua ni Mama Feza amelaza. Akapiga simu yangu, haipiti. Mutu moja wa moto akapita akasema, ndiyo, njia ya Kabambare aliona moto imelala mu maji na hakuna mutu pembeni. Hakuna aliyewaza ni ile ya Madame, ikaisha hapo. Hakuna mutu aliuliza majani ilitoka wapi, juu nani anauliza vile mbele ya matanga?

Nikasimama nyuma ya wanaume, hakuna aliyenijua na yale matope, na Madame akabakia kwa moto akijipanguza viatu. Mbele yangu fundi Saleh wa mbao alikuwa anamupima kijana moja mabega na kipimo chake. "Simama sawa, wewe na marehemu ni urefu moja." Muzee moja akasema kwa sauti ya huzuni:

"Alituchekesha."

"Ndiyo," mwengine akajibu. "Alituchekesha."

Nikangojea. Wakatafuta maneno. Kisha wa kwanza akasema tena:

"Sana alituchekesha."

Ikawa ile tu. Shefu akauliza ndugu zangu wako wapi, nani anawajua. Watu wakaangaliana. Mama moja akasema walishapigia bibi wa zamani kule Wamaza. Shefu akauliza, alisema je? Alisema poleni sana, na kuku za Amisi nani atazilisha?

Mimi nimesemea kwa matanga za watu wengi, nikasimulia maisha ya watu ambao sikuwajua vizuri, na sikukosaka maneno. Kumbe kwangu mimi maneno ilikuwa moja.

Basi shefu akasimama, akakohoa. Akasema kwa kuwa wenyeji wote wako hapa, na Madame iko njiani, mukutano tuufanyie hapa hapa. Na Mungu, akasema, ametufungulia njia. "Marehemu hana mutoto, hana ndugu tunamujua. Maji ipite kwa marehemu. Hapa kwa nyumba tubomoe tuchimbe bwawa ya kupumuzisha maji, tupande miti kuzunguka, na tupaite Kiwanja cha Amisi. Wenye kukubali wainue mukono."

Wakainua wote. Kartie ambayo haikusikilizanaka hata juu ya siku ya kufagia soko, siku ile mikono yote juu, wengine mbili. Na mimi, Mungu anisamehe, wangu ulishaanza kupanda, juu mupango ulikuwa muzuri kweli.

Pale njo Madame Odette akafika katikati, akasalimia, akasema pole kwa musiba. Shefu akashika kofia. "Madame, ni yule tulimutuma akubebe. Njia imemukula."

Madame akanyoosha kidole. "Aliyenibeba ni huyu."

Wakageuka. Nikasema, "Karibuni kwangu."

Sitawadanganya, viti viliruka. Wenye kukimbilia migomba, wenye kukimbilia barabara, fundi Saleh alikimbia na kipimo yake inavutika nyuma kama mukia. Mama Feza peke yake hakukimbia. Alikuja mpaka mbele yangu, akashika pembe ya kitenge chake, akanipanguza matope kwa uso, polepole, mpaka akaona ni mimi. Kisha akanipiga kofi.

"Tangu asubui nalia, Amisi. Sauti imekatika. Nani alilaza majani?"

"Ni mimi, mama. Nilikuwa naweka mipaka."

Mutu moja nyuma ya migomba akacheka, kisha kartie yote, walicheka wakikaa chini, walicheka wakishikana, sijapataka kicheko kama ile kwa arusi yoyote, na sikufanya hata kazi. Nilingojea iishe. Ilipoisha, shefu akapanguza macho, akauliza kwa sauti ndogo:

"Sasa maji?"

Hapo njo niliona sura zao. Si kwamba hawanipendi, hapana. Ilikuwa sura ya watu wameonjeshwa nyama kisha sahani ikarudishwa.

Madame akasema, "Tulisema kila mwenyeji aulizwe. Mwenyeji ni huyu. Wewe unasema je?"

"Maiti haiulizwake," nikajibu. Hakuna aliyecheka. Madame akangojea, vile anafanyaka. Watu wote wakangojea. Nikasema:

"Nyumba siitoe. Nilikuwa nyuma pale, nilisikia vile munanijua. Munajua kicheko tu. Hii nyumba njo kitu kingine niko nacho, mukiibomoa, nitabakia kicheko peke yake. Lakini upande wa migomba, kule nyuma, maji ipite."

Upande wa migomba hautoshi, Madame akasema, maji ni mengi. Mama Feza akafunga kitenge chake. "Mimi natoa pembeni ya jiko yangu. Nilishalia, nimechoka, sitaki kulilia mwengine mu lile korongo." Kisha akawageukia wengine. "Na ninyi, mulikuwa na mikono mbili mbili juu ya parsele ya mutu. Muinue sasa juu ya zenu."

Walinung'unika, lakini waliona haya, na haya siku ile ilikuwa nyingi, yangu ilitosha kugawia kartie yote. Mutu akatoa kipande, mwengine akatoa kipande, Madame akachora njia ya maji na kijiti chini mbele ya mulango wangu, inapinda pinda kama mulevi kupita kwa kila mutu kidogo. Wakakula bukari, ule ugali wa matanga yangu, wakaisifu, wakabeba viti vyao. Mimi nikabakia na majani.

Bibi wa zamani naye alinipigia, habari ilimufikia. "Unaona," akasema, "hata kufa umeshindwa." Akauliza kuku, akakata.

Sasa mufereji unapita nyuma kwangu, tumepanda majani ya kushika udongo, na nyumba za kwanza kule juu zimeanza. Mungazi wangu siukate tena, hata jani ya kufagilia. Na nilijiapisha kitu kingine: nikitoka asubui, napita kwanza kwa Mama Feza, namwambia naenda upande gani na nitarudia wakati gani.

Mara ya kwanza alinijibu, "Nilikuuliza?" Kesho yake vilevile. Nikaendelea kumwambia, naye akaendelea kunijibu ile ile, anapeta muchele wake bila kuinua macho.

Juzi mvua ilinikamata njia ya Nyangwe, nikachelewa sana. Kufika kwa kona nikamukuta amesimama barabarani na mwavuli, anatazama upande ule nilimwambia. Aliponiona akageuka akaingia kwake.