Simbi za Kulwa na Doto

Mama mkwe wangu, Kabula, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, lakini hapa Kibaoni hakuna anayemzidi kutambua simbi, zile kauri ndogo za baharini tunazowavisha mapacha shingoni siku ya kuwatoa nje. Huipapasa simbi tumboni: mpasuko mrefu, meno madogo pande zote mbili. Kisha huiweka ulimini. Ya plastiki hupata joto upesi, ya kweli hubaki baridi. Miaka arobaini anafanya hivyo, nami kila mara nageuza uso, maana mate yote yale huishia shingoni mwa watoto wa watu.

Mwaka jana alikuwa na homa, nikamchagulia simbi mimi kwa macho. Zikawa plastiki, zikapasuka mbele ya wageni. Alichekwa hadi akaapa kwamba ikijirudia ataacha kazi hii ya kuwachagulia watu simbi.

Safari hii mapacha walikuwa wangu mwenyewe, Kulwa na Doto, wa miezi sita. Kabula akamwagiza Athuman, mwenye duka, amletee simbi nzima kutoka pwani, ambazo hazijakatwa mgongo, asije akauziwa plastiki tena.

Zilifika Ijumaa ndani ya kidumu. Athuman alipokifungua nilirudi nyuma kwa harufu. Panya aliyeozea darini ana nafuu.

Kabula alidhani kidumu ndicho kichafu. Akachagua. Zenye nundu ubavuni alizitupa, akabakiza zenye mgongo laini, ambao mimi niliuona umezungukwa na pete ya njano, pete ambayo sikuwahi kuiona maishani. Ya kwanza akaiweka ulimini.

"Baridi. Ya kweli hii."

Ya tatu ikammwagia maji meusi mdomoni.

"Mbona inavuja?"

"Bibi, si nyama yake imeoza," Athuman akasema. "Mdogo wangu kasahau kuzichemsha."

"Nyama ya nini?"

"Ya konokono. Kwani nyie mlidhani simbi ni nini?"

Tulidhani ni jiwe. Zilikuwa zinatufikia kavu, zimekatwa mgongo, hazina harufu. Konokono! Lidudu la makamasi! Kabula alitema, akasukutua kwa maji, kwa chumvi, kwa majivu, akatema tena.

"Asijue mtu," akaniambia.

Tulizichemsha mara tatu. Nilichokonoa nyama kwa sindano, pua nimeifunga kwa kanga, nikimlaani Athuman na mdogo wake. Kabula alipokwisha kukata migongo ili uzi upite, akaanza kuziweka ulimini moja moja.

"Mama, zilikuwa na nyama. Unataka ushahidi gani tena?"

"Mwaka jana niliyaamini macho yako."

Nikamsogezea bakuli. Akazipima zote ishirini na nne, na kila moja ilimtingisha mabega.

Jumamosi, siku ya kuwatoa nje, hakuna aliyecheka. Wanawake walipiga vigelegele, Kabula akaanza kutabasamu. Ndipo Doto akavuta uzi wake, akatia simbi mdomoni na kuinyonya kwa raha zake zote.

"Kaipenda!" mashangazi wakashangilia.

Niliruka kumnyang'anya. Kabula akanikamata mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Mwache, watauliza kwa nini," akanong'ona, akipangusa mdomo wake kwa kanga.

Nikamwacha mwanangu aendelee kunyonya.