Nyigu wa njano kwenye tawi la mkaratusi

Jumanne. Mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke Lushoto.

Leo nusura miti ya baba ikatwe kwa kosa langu.

Mdogo wangu Hoza alinitumia kwa basi tawi la mkaratusi nilichunguze, majani yamejaa vinundu. Nikalifungia kwenye chupa hapa chumbani Kariakoo, dirisha moja linalotazama ukuta. Nikamwambia: akitoka nyigu humo, ndiye mharibifu, kata miti yote.

Asubuhi nikamkuta mmoja, mdogo kuliko punje ya ufuta, anazunguka chupani kutafuta njia.

Mangi, mwenye duka la chini, akachungulia akacheka. "Mzee, si umfungulie aende kwao!"

"Kwao ni ndani ya jani hili, Mangi."

Nilishashika simu kumwambia Hoza akate, nikasita, nikachukua lenzi.

Leptocybe, nyigu anayetengeneza vinundu, ni mweusi mwenye mng'ao wa buluu. Huyu ni wa njano! Ni adui yake. Hukulia humohumo kinunduni, akimla aliyekijenga.

Nikampigia. "Usikate, Hoza. Dawa imejileta yenyewe."

"Kaka, kumbe bado unaipenda miti ya baba. Basi njoo uione."

Nyie mngemjibuje?

Mimi nilimwambia ukweli. Sitarudi; kwangu sasa ni chumba hiki.