Jilaal Hooyo Aliyoacha Kuwasha Uunsi

Shuka iliyoloweshwa maji ikitundikwa mlangoni hutoa harufu ya udongo na sabuni ya kipande, na harufu hiyo peke yake inanichosha. Mimi ni wa mtaa wa Waberi, hapa Garissa. Kila jilaal, yaani ule ukame wa mwanzo wa mwaka, upepo ulituletea mchanga wa malishoni, moshi wa mabua yaliyochomwa kwenye mashamba ya mtoni, na moshi wa takataka za nyuma ya soko. Jua la mchana lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukitafuna ugali, unasikia mchanga kwenye meno. Msiniambie ni kawaida. Tumeambiwa ni kawaida mpaka tumechoka.

Mdogo wangu Yahye alikuwa bado hajaanza nasari, na kifua chake kilipiga filimbi usiku na mchana. Hooyo, mama yetu, alimbeba mpaka zahanati. Yule bwana wa koti jeupe hakumgusa hata kifua.

"Ni vumbi tu," alisema, macho kwenye simu. "Mfungie ndani."

Hooyo akamfungia ndani kwelikweli. Madirisha akayaziba kwa magunia, mlangoni akatundika shuka mbichi. Na kwa kuwa nyumba iliyofungwa hunuka watu, akafanya ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angefanya: akatia makaa kwenye chetezo, akatupia uunsi, ule udi wetu unaopikwa kwa sukari na manukato. Kwetu moshi wa uunsi haukuhesabiwa moshi. Moshi ni ule wa takataka. Uunsi ni usafi, ni heshima. Hata Yahye alimwinamisha juu yake kidogo ili nguo zake zishike harufu nzuri.

Adhuhuri ile filimbi ikanyamaza. Nilidhani amepona. Kisha nikaona midomo yake imekuwa rangi ya majivu, na mbavu zinazama kila akitafuta pumzi. Hooyo akapiga yowe.

Jirani yetu Mama Kevin, mke wa polisi kutoka Machakos, aling'oa shuka mlangoni akaingia.

"Woi! Mnamtibu ama mnamkausha kama samaki?" Akamnyakua mtoto.

"Wacha mtoto yangu! Nje iko fumbi!" Hooyo akamng'ang'ania gauni.

"Heri vumbi, dada! Humu hata mimi nakufa!"

Walivutana hivyo mpaka uani. Mama Kevin akaketi chini, akamkalisha Yahye wima mapajani, akampepea kwa kifuniko cha sufuria huku mchanga ukitupiga sote machoni. Hooyo alisoma dua kwa sauti inayokatika. Ilichukua muda. Halafu filimbi ikarudi, nyembamba, na sijawahi kufurahia sauti mbaya namna ile.

Tangu hapo uunsi haukuwashwa kwetu. Usiye wa huku utaona ni jambo dogo. Shangazi yangu alipokuja kutoka Tarbaj, alisimama sebuleni akinusa kama aliyepoteza kitu.

"Halima, nyumba yako imekufa?"

"Nyumba imekufa, abaayo," Hooyo akamjibu, akimwita dada. "Mtoto yuko hai."

Shangazi alicheka, akaenda kusambaza habari: mke wa kaka yake amekuwa mvivu, hajui tena kujiweka. Harusini wanawake waliingia wakinukia kuanzia getini, Hooyo akaingia ananukia maji. Nilitembea nyuma yake, mbali kidogo, nisijulikane ni wake.

Sasa nina binti mwenye kifua kama cha Yahye, takataka bado zinachomwa palepale, na ndipo nimeelewa. Hakuna aliyemweleza Hooyo kitu. Si zahanati, si redio, si mtu. Aliona mwanawe akipumua nje na kukwama ndani, basi. Akaitupa fahari yake bila hata kujua kama ana haki, akakubali kusemwa. Na mimi nilimwonea aibu, wakati waliostahili aibu walikuwa na ofisi na mishahara.

Mama mkwe wangu anakuja Ijumaa. Najua chetezo chake kitakuwa kwenye mkoba. Kitabaki nje, pamoja na viatu, na akasirike anavyotaka.