Saa ya Kukamia Ng'ombe

Nilikuwepo dukani Thika, nikaona yote kwa macho haya mawili. Mfugaji mmoja wa Murera alikuwa na elfu nane za kununua saa yake ya kwanza ya maana. Alipima kila saa kwa kiganja kama mtu anayenunua viazi, akachagua ya dhahabu, nzito kuliko zote.

"Hii ndiyo ya mwanaume."

Mkewe akauliza, "Na ukikama utaivua, baba watoto?"

"Nitaiweka mfukoni."

"Kama zile simu mbili zilizoingia kwa ndoo ya maziwa?"

Mhindi mwenye duka hakucheka. Alichukua saa nyembamba ya chuma, akaitumbukiza kwenye kikombe chake cha chai, akapiga mafunda mawili, akaitoa bado inatembea.

"Mzee, hii hutaivua hata ukioga."

Mfugaji akaitazama ile ya dhahabu kama anayemuaga mgeni, kisha akanyoosha mkono, mkewe akamfungia mkanda. Walitoka mzee amekunja shati hadi kwenye kiwiko, na baridi ilikuwa kali.

Saa nzuri ni ile inayokubali kazi yako. Ila ile chai nimeitia mimi kwenye hadithi. Ilikuwa glasi ya maji, na maji matupu hayanogi gazetini.