Chumvi ya Kuchagulia Nyumba

Dalali wa hapa Nizwa alituonesha fleti mbili za jengo moja, ya juu na ya chini, sisi wanawake watatu: mimi, binti mhandisi aliyehamishwa kutoka Maskati, na mama yake.

"Juu kuna utulivu," dalali alisema. "Hakuna atakayekuuliza kitu."

Mama akamtazama kama anayeuziwa samaki wa juzi. Akashuka kubisha kwa majirani wa fleti ya chini, aombe chumvi. Mlango wa kwanza haukufunguliwa, ingawa televisheni ilisikika ndani. Kwenye wa pili alitoka bibi na chumvi, tende na maswali: binti mtoto wa nani, ameolewa, kazini anarudi saa ngapi?

"Mama, huyu mpelelezi," binti alinong'ona.

"Basi utakaa hapa. Ukiumwa, atajua."

Mimi majirani wa namna hiyo siwaamini, nikachukua ya juu. Jana chumvi iliniishia, mchuzi ukiwa motoni. Nikashuka kwa yule binti. Akaja na kopo, akalishikilia kifuani.

"Juzi ulichelewa kurudi," akasema. "Ulikuwa wapi?"

Nilimwambia. Mchuzi ulikuwa unaungua.