Mayu na Mkwe Wake kwenye Chumba cha Vioo, Shinyanga

Safari hii niliipanga mimi, na sababu niliyowapa watu haikuwa sababu yenyewe. Watoto niliwaambia tunakwenda Shinyanga kucheza kwa kuwa shule zimefungwa. Mume wangu nilimwambia ameshinda na kazi ya ukarani kwenye mizani ya pamba msimu mzima na anastahili kupumzika. Ukweli ni kwamba nilitaka mama yangu akubali kuhamia kwetu Mhunze, na maneno ya kumshawishi yalikuwa yameniishia.

Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, alibaki peke yake kijijini baada ya baba kufariki. Kaka zangu wawili walikwenda kuchimba dhahabu Rwamgasa, na mtu akishaonja vumbi la dhahabu, kumrudisha kwenye jembe ni kazi. Mayu alikuja kututembelea baada ya mavuno, na mume wangu, Baba Kabula, akasema atamjengea nyumba ndogo uani ili asirudi tena kwenye upweke. Mayu alikataa. Kila nilipomuuliza alinijibu jambo moja: nyumba ya mkwe si mahali pa kuzeekea.

Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaacha njia na kuingia majanini. Si uadui, ni heshima, ila kwa Mayu ilikuwa heshima isiyojua likizo. Asubuhi alikaa nyuma ya jiko mpaka Baba Kabula aende kazini. Jioni Baba Kabula alikohoa tangu mbali, na Mayu akahamia upande wa pili wa nyumba. Maneno yao yote yalipitia kwa binti yangu Kabula, aliyekuwa na miaka tisa na mdomo wa miaka thelathini. Nilikuwa nimeolewa zaidi ya miaka kumi, na mama yangu hakujua mume wangu anafananaje.

Desturi hiyo ilikuwa imenichosha, sitaficha. Lakini kilichomzuia Mayu hakikuwa uchovu. Aliogopa kwamba Baba Kabula, kwa kuwa amesoma na anavaa suruali zilizonyooshwa kwa pasi, anamheshimu kwa kuniridhisha mimi tu, na siku wakizoeana uani atamwona kama gunia lililosahauliwa. "Heshima ya mtu wa kalamu iko mdomoni," aliniambia. "Ikifika kwenye magoti inachoka."

Basi nikasikia kwamba mfanyabiashara mmoja wa Shinyanga amegeuza ghala lake la pamba kuwa uwanja wa michezo ya watoto, chini ya paa, mbali na jua. Nikasema twende wote, Mayu akae na mkwe wake mahali penye furaha hata kwa siku moja. Liwalo na liwe.

Alfajiri tulikuwa stendi ya Mhunze. Baba Kabula alipanda basi kwanza, akakaa nyuma ya dereva akiangalia mbele bila kugeuza shingo. Ndipo Mayu naye akapanda, khanga imefunika nusu ya uso, akaenda hadi kiti cha mwisho. Mimi nilikaa katikati na Masanja, mwanangu mdogo, nikiwa nchi isiyofungamana na upande wowote.

Hatukufika mbali Mayu akaanza. "Kabula, mwambie baba yako afunge dirisha, vumbi linamwingia mtoto." Sauti ile ilisikika mpaka kwa dereva. Baba Kabula hakunyoosha mkono. Alingoja Kabula atembee basi zima akishika viti, amwinamie sikioni na kumpa ujumbe, ndipo akafunga dirisha. "Mwambie bibi yako nimefunga." Kabula akarudi nyuma. Abiria hawakucheka, maana karibu wote walikuwa na wakwe.

Njiani nchi ilikuwa kavu. Ilikuwa Desemba na mvua zilichelewa, mbuga nyeusi zimepasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Mashambani watu walikuwa wakichoma mabua ya pamba, na moshi ulisimama wima kwa kukosa upepo. Tulipishana na makundi ya ng'ombe yakielekea mnadani, na kila mara Masanja aliwahesabu akapotea njiani akaanza upya. Nilimtazama Mayu kwa wizi. Alikuwa anaangalia nje kwa macho ya mtu anayeaga.

Shinyanga ilitupokea kwa joto. Kutoka stendi tulitembea kwa mpangilio wetu wa kawaida, Baba Kabula mbele sana, Mayu nyuma sana, na sisi tukiwa kamba inayowaunganisha. Mtu asiyetujua angedhani tumegombana. Tukavuka reli, tukaacha barabara ya Ngokolo, tukaliona ghala. Lilikuwa jengo refu la bati, na mlangoni mtu alikuwa amechora farasi mwekundu mwenye miguu mitano, pengine kwa sababu mguu wa kwanza haukumpendeza.

Mlangoni tulikaribishwa na mke wa mwenye ghala, mama wa Kihindi aliyeitwa Mama Rekha, sari imefungwa kiunoni kikazi na funguo zikilia kila alipopiga hatua. Alimwamkia mama yangu kwanza, kwa Kiswahili kisha kwa Kisukuma. "Shikamoo mama. Mwadila."

"Marahaba," Mayu akajibu, akanigeukia. "Huyu amefundishwa."

Ndani, jamani, sijui nianzie wapi. Nimeingia kwenye maghala mengi ya pamba, yote giza na kikohozi. Hili lilikuwa limefagiwa mpaka sakafu inang'aa, ingawa juu kwenye mbao za paa nyuzi nyeupe za pamba bado zilining'inia na kudondoka mojamoja juu ya vichwa vya watoto. Palikuwa na ubaridi mzuri. Katikati ilizunguka bembea kubwa yenye farasi wa mbao, na aliyeizungusha ni mzee mmoja aliyekaa juu ya baiskeli isiyo na magurudumu, akipiga pedali taratibu huku mnyororo mrefu ukivuta bembea yote. Pale ambapo zamani magunia yaliteremshwa kutoka darini, mbao zile zile zilikuwa zimesuguliwa kwa nta, na watoto walipanda juu, wakakalia kipande cha gunia na kuja chini wakipiga kelele. Pembeni treni ndogo ilizunguka mizani ya kupimia pamba. Niliwapenda watu waliofikiria jambo hili. Hawakuagiza kitu kikubwa kutoka ng'ambo, walitazama tu walichokuwa nacho wakaona mchezo ndani yake.

Masanja aliteleza mpaka kaptula yake ikaisha makalioni. Kabula alipanda farasi, akanipungia mkono kila alipopita kana kwamba amesafiri. Hata Mayu alikubali kupanda treni, magoti yamefika kidevuni, uso haujatingishika, kama mkuu wa wilaya akikagua mipaka. Nilimcheka mpaka nikashika ubavu. Baba Kabula alikuwa upande wa pili wa ghala, amegeuzia treni mgongo.

Saa za mchana Masanja akataka chumba cha vioo. Kilikuwa kona ya ghala, kimezungushiwa mbao pande zote bila dirisha, na taa moja ya umeme juu. Baba Kabula aliniuliza kwanza, kama anavyouliza siku zote kabla ya kuingia popote, "Mayu yuko wapi?" Nikamwonyesha treni, nilipomwacha. Nisichojua ni kwamba Kabula alikuwa amekwisha kumshusha bibi yake na kumvuta hadi huko huko.

Tukaingia mume wangu mbele, mimi na Masanja nyuma. Vioo vilisimama kila upande, vingine vimebonyea, vingine vimevimba. Na katikati yake alisimama mama yangu, khanga imeshuka mabegani, anacheka kwa kujiona ana shingo ya twiga.

Alitangulia kumwona mkwe wake kwenye kioo. Kicheko kikakatika. Akageuka kulia, akamkuta Baba Kabula mwembamba mrefu mpaka darini. Akageuka kushoto, akamkuta mfupi mnene kama debe. Nyuma walikuwapo watatu. Kila alipokimbizia macho mkwe alikuwa amekwisha kufika, na majani ya kuingia hayakuwapo. Akajifunika khanga uso mzima, akaanza kupapasa vioo kutafuta mlango asiujue uko wapi. Nilisikia pumzi yake. Niliona kabisa kwamba nimempoteza, kwamba kesho asubuhi atafunga mzigo wake na sitamwona tena uani kwangu.

Baba Kabula angeweza kutoka, lakini nyuma yetu watu walikuwa wamekwisha kusukumana kuingia na njia imeziba. Basi alifanya jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu anayepangusa kiti kwa leso kabla ya kukikalia. Alivua koti, akaketi chini sakafuni palepale, akainamisha kichwa mpaka magotini na kujifunika koti gubigubi.

Vijana waliokuwa nyuma wakaangua kicheko. "Karani anasali," mmoja akasema. Mwingine akamvuta bega. "Mzee, inuka, ni vioo tu."

"Najua ni vioo," Baba Kabula akajibu kutoka ndani ya koti. "Mama mkwe wangu yumo humu."

Baadhi wakanyamaza. Wengine wakazidi kucheka, maana mjini watu wamechanganyika na si wote wanaojua mambo yetu. Mmoja akamruka miguu. Baba Kabula hakuinua kichwa, na vioo vilionyesha makoti mengi yamekaa chini kwa adabu kila upande.

Sauti ya funguo ikasikika mlangoni. Mama Rekha alitazama mara moja tu, sijui alielewaje upesi hivyo. "Zima taa," akaagiza. Taa ikazimika, chumba kikawa giza tupu, na vicheko vikafa. Nikamsikia akipita karibu yangu. "Mama, nipe mkono. Gizani hakuna mkwe." Akamtoa polepole, Kabula akifuata ameshika pindo la khanga.

Baadaye Mama Rekha alitukalisha sisi wanawake nyuma ya meza yake, akatuletea chai ya maziwa na bajia za moto. Mume wangu alipelekewa zake nje, kwenye kivuli cha ukuta.

"Mimi nilivuta mtandio usoni mbele ya baba mkwe wangu mpaka alipokufa," alimwambia Mayu. "Sauti yake naikumbuka mpaka leo. Uso wake naujua kwa picha tu."

Mayu alimtazama kwa makini. "Kumbe na kwenu mna haya."

"Tunayo, mama. Watoto wetu wanatucheka."

Mayu akala bajia moja bila haraka, kisha akamwita Kabula karibu. "Baba yako alikaa chini na suruali ile?"

"Ndiyo, bibi."

"Walimcheka?"

"Walimcheka sana. Mmoja alimruka."

"Akainuka?"

"Hakuinuka. Alikaa mpaka ukatoka, na niliporudi kumwangalia, taa imewaka tena, akaniuliza kama umeshafika mbali."

Mayu alimaliza chai yake, akaomba nyingine. 

Jioni tulipanda basi la kurudi kama tulivyokuja, Baba Kabula mbele, Mayu nyuma. Suruali ya mume wangu ilikuwa na vumbi na nyuzi za pamba makalioni, naye hakujipangusa. Watoto walikuwa wamechoka, Masanja amelala mapajani mwangu na kipande cha gunia mkononi, sijui alikiibaje. Nje, moshi wa mabua ulikuwa umeshuka chini.

Mimi nilikuwa nimekwenda Shinyanga nikiomba ile heshima ipungue kidogo, ili mama yangu apate nafasi kwangu. Nilirudi nikiwaza kwamba sijawahi kumpenda mume wangu kama nilivyompenda amekaa sakafuni chini ya koti, na kwamba nilichokiita ukuta kati yao ndicho walichokuwa wakipeana miaka yote hiyo. Lakini kuwaza kwangu kusingembakiza mtu. Aliyetakiwa kusema alikuwa kiti cha mwisho.

"Kabula," Mayu akaita tulipokaribia Mhunze. Basi zima likasikiliza. "Mwambie baba yako kwamba yule wa kwenye kioo, mfupi kama debe, simjui na sikumwona. Halafu mwambie, nyumba ile ya uani, mlango wake usitazamane na mlango wa kwake."

Niliona mabega ya mume wangu yakitulia. Alikwisha kusikia, kila mtu alisikia, lakini alingoja. Kabula akatembea akishika viti, akamwinamia sikioni, akamwambia yote neno kwa neno. Baba Kabula akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa habari mpya kabisa.

"Mwambie bibi yako nitauelekeza mashariki."

Kabula akarudi. Mayu alisikiliza hadi mwisho, akajifunga khanga vizuri.

"Mwambie aanze kesho," akasema. "Mvua ikinyesha kabla hajaezeka, nitalala wapi?"