Mama, Chikande na Ua la Kinamasini

Mama alipokuja Toronto kunitembelea, alikuta mtaani kwetu Agincourt kuna kila kitu isipokuwa chikande. Mihogo ipo, dagaa wapo, hata magadi aliyapata kwenye duka la Mhindi aliyezaliwa Mwanza, wakapiga soga mpaka miguu ikanifa ganzi. Kwa asiyejua, kwetu Mbozi tunachimba viazi vidogo vya okidi, maua ya mwituni, tunavikausha na kuvitwanga, kisha tunapika unga wake na karanga na magadi mpaka ugande, tukate vipande. Mama bila chikande ananuna, na alikuwa ameshaanza.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi wa Kizungu aliyestaafu ualimu, anazipenda okidi kwa macho tu. Siku moja ya Juni alininong'oneza kwenye lifti, utadhani anauza dhahabu ya magendo, kwamba anajua inapoota okidi nyeupe ya nadra, na angependa kumwonyesha mama. Sharti tuape kutomwambia mtu, maana wezi huzing'oa. Niliapa. Mama, nilipomtafsiria, aliapa upesi mno.

Asubuhi ya safari nilikuta kisu cha jikoni kwenye mkoba wake, kimeviringishwa taulo. Nikakitoa. Akanitazama kwa upole, na upole wa mama haujawahi kuniletea heri.

Bibi alituendesha kuelekea kaskazini mpaka mji ukaisha. Tukaingia kinamasi kilichozungukwa na mierezi, maji baridi yakichuruzika chini ya kuvumwani, ardhi ikibonyea kama godoro lililolowa. Mbu walitupokea vizuri sana. Bibi alieleza kuwa okidi ile ina madeko: inataka maji yenye chokaa, jua, na kuvu wa ardhini wa kuzilisha mbegu zake. Ukiihamisha, inakufa.

Tukaliona. Ua moja jeupe, dogo, umbo kama kiatu cha mtoto mchanga. Bibi akatokwa machozi. Mama akapiga magoti na kuzamisha vidole kwenye matope. Bibi akaniuliza kwa sauti ya chini kama mama anasali.

Nikasema anasali.

"Mwambie asogee, ananizibia mwanga," Mama akasema, na kijiko cha supu kikachomoza kwenye mkono wa sweta yake.

Nikamtafsiria bibi kwamba mama anaomba nafasi kidogo ya ibada. Akarudi nyuma kwa heshima zote. Mimi nikachuchumaa.

"Mama, nakuomba. Mji mzima huu, huyu bibi ndiye pekee anayenibishia hodi. Ukiling'oa, nimempoteza."

Yeye alipapasa shina taratibu, akaingiza vidole chini zaidi, halafu uso ukamshuka.

"Halina kiazi. Mizizi mitupu, kama nyuzi." Akairudishia udongo, akaushindilia kwa kiganja kama anafukia mbegu. "Kizuri hakikosi ila."

Bibi alitaka kujua mama amesema nini. Nikamwambia mama anataka ua libaki hapo hapo. Bibi akamkumbatia, matope na yote.

Wakati wa kurudi Mama alikaa kiti cha nyuma, akitazama nje. Nilidhani bado anasikitikia kiazi chake, nikaanza kumtania. Akanikatiza.

"Kilima chetu kilikuwa kinajaa maua ya namna hii, mwanangu. Tukala viazi vyake, tukawauzia wachuuzi wanaovivusha mpakani. Sasa unazunguka kutwa nzima huoni hata moja." Akajifuta matope kwenye kucha. "Lile litadumu. Bahati yake ni kutokuwa tamu."

Bibi, mikono kwenye usukani, akauliza tena mama amesema nini. Uongo ulikuwa umeniishia. Nikamtafsiria yote, neno kwa neno, pamoja na kijiko na mapishi ya chikande.

Bibi aliendesha mpaka tukasimama kwenye taa nyekundu. Nilijisikia vibaya mno. Kisha akageuka, akamtazama mama, akaniambia nimuulize karanga zinakaangwa kwanza, au zinatwangwa mbichi.